Waasi Waliopangishwa Chumba Hollywood

Aliyekulia kwenye mabanda ya video, awe wa Tandale au wa Kisumu, anaijua kanuni ambayo haikuwahi kuandikwa popote: stelingi hafi. Anaweza kupigwa mpaka akazimia, akatupwa mtoni, akamiminiwa risasi na kikosi kizima, lakini picha ikikaribia kwisha atainuka, atajipangusa vumbi, na atakayelala chini ni adui. Kanuni hiyo hatukuitunga sisi; tuliipokea pamoja na picha zenyewe, kutoka Bombay, Hong Kong na Marekani, na huko Marekani ilikuwa imekaribia kuwa sheria ya biashara. Ndiyo sababu dakika ya mwisho ya Bonnie and Clyde, filamu ya mwaka 1967 iliyoongozwa na Arthur Penn, ingali inamshtua hata mtazamaji anayeijua hadithi yake. Wapenzi wawili wezi wa benki, wazuri wa sura na wa mavazi, wanasimamisha gari kando ya barabara ya shamba ili kumsaidia mzee anayejifanya lori lake limepata pancha. Ndege wanaruka ghafla kutoka kichakani. Wawili hao wanatazamana mara moja, kwa haraka, na kabla hawajatamka neno risasi zinaanza kumiminika.

Penn alilipiga picha shambulizi hilo kwa kamera nne zilizokuwa zikienda kwa kasi tofauti, na mhariri Dede Allen akavikata na kuviunga vipande hivyo kwa namna ambayo miili inaonekana ikitikiswa kwa kasi na kuanguka polepole kwa wakati uleule. Hakuna muziki. Hakuna mchungaji, hakimu wala mama mzazi anayeletwa kutueleza tuhisi nini. Askari wanatoka mafichoni, wanasogea kutazama, na picha inakatika hapo.

Mtu anaweza kunikosoa kwamba majambazi walikuwa wakifa katika sinema za Marekani tangu miaka ya 1930, na atakuwa na haki. Kanuni za maadili ambazo kampuni za Hollywood zilijitungia mwaka 1930, na ambazo zilianza kutekelezwa kwa ukali mwaka 1934 chini ya Joseph Breen, zilidai kwamba uovu usionyeshwe kwa namna ya kumfanya mtazamaji aupende, na kwamba mkosaji asitoke salama. Muswada ulipitiwa kabla ya kamera kuwashwa, na filamu iliyonyimwa muhuri haikuwa na pa kuonyeshwa katika majumba makubwa ya sinema. Penn aliitimiza nusu moja ya masharti hayo kwa uaminifu wa kutisha, na kwa kufanya hivyo akaivunja nusu ya pili: adhabu ilikuwa kubwa kiasi kwamba mtazamaji alitoka ukumbini akiwaombolezea wezi na kuwaogopa askari. Kuna jambo la kushangaza kidogo katika tarehe hizi, kwa kuwa Bonnie Parker na Clyde Barrow wa kweli waliuawa Louisiana mwezi Mei 1934, mwaka uleule ambao kanuni hizo zilianza kuuma. Filamu yao ilifunguliwa Marekani Agosti 1967, wiki chache baada ya miji ya Newark na Detroit kuwaka moto kwa machafuko, wakati ambapo vita vya Vietnam vilikuwa vikiingia sebuleni kila jioni kwa njia ya televisheni.

Bosley Crowther, aliyekuwa mhakiki mkuu wa filamu wa gazeti la New York Times tangu 1940, aliishambulia filamu hiyo zaidi ya mara moja, akiona ndani yake ukatili uliogeuzwa mzaha. Joe Morgenstern wa jarida la Newsweek aliiponda, kisha akarudi kuitazama pamoja na watazamaji wa kawaida, na wiki iliyofuata akaandika kwamba alikuwa amekosea, jambo ambalo wahakiki hawalifanyi kwa urahisi. Mwezi Oktoba Pauline Kael akachapisha katika The New Yorker utetezi mrefu ulioyafungua macho ya wengi na kumpatia yeye mwenyewe kazi ya kudumu katika jarida hilo. Crowther aliiacha nafasi yake muda mfupi baadaye. Warner Bros., waliokuwa wameitoa filamu bila kuijali, waliirudisha kwenye majumba ya sinema mwanzoni mwa 1968, ikapewa nafasi ya kuwania tuzo 10 za Oscar, ikashinda 2. Naomba msomaji aikumbuke safari hiyo ya filamu iliyokufa, ikafufuka na kushangiliwa, kwa maana nitairudia.

Historia ya kipindi hiki, tangu 1967 hadi 1980, husimuliwa kama hadithi ya vijana wenye ndevu waliovunja lango la ngome na kuwatoa wazee. Ni hadithi tamu, na wenyewe waliihadithia vizuri katika mahojiano yasiyohesabika. Mimi naisoma tofauti. Lango halikuvunjwa. Wenye nyumba walikuwa wanafilisika, vyumba vilikuwa vitupu, na wakaamua kuwapangisha vijana ambao siku za neema wasingewaruhusu hata kukanyaga ukumbi. Baadhi ya filamu zilizotengenezwa ndani ya vyumba hivyo ni kazi bora kuliko zote zilizowahi kutoka Marekani, nami nitasema kwa nini. Lakini anayezipenda filamu hizo anapaswa kujua masharti ya upangaji, la sivyo hataelewa kwa nini wapangaji walitolewa, wala kwa nini watu fulani hawakuwahi kupewa ufunguo.

Masharti yalianza na hasara. Mwaka 1948 Mahakama Kuu ya Marekani iliamua kwamba kampuni kubwa za filamu zilikuwa zimehodhi biashara kinyume cha sheria, na zikalazimika kuyauza majumba ya sinema zilizokuwa zikiyamiliki. Mpaka wakati huo studio ilitengeneza filamu, ikaisambaza, ikaionyesha katika ukumbi wake, na mtazamaji alikwenda sinema kama anavyokwenda sokoni, bila kuuliza kuna nini leo. Mwaka 1946 Wamarekani walinunua tiketi kati ya milioni 80 na 90 kila wiki. Kufikia 1970 idadi hiyo ilikuwa imeshuka chini ya milioni 20. Televisheni ilichukua sehemu yake, na kuhamia kwa familia kwenye vitongoji vilivyo mbali na katikati ya miji kulichukua nyingine.

Studio zilijibu kwa ukubwa. Zilijenga Roma upya, zikakodisha majeshi ya waigizaji wa ziada, zikatuma makundi ng'ambo. Hata Arusha ilipata sehemu yake, John Wayne alipokuja kukamata vifaru kwa ajili ya Hatari!, filamu ya mwaka 1962 ambayo angalau jina lake hatuhitaji kutafsiriwa. Cleopatra ya mwaka 1963 ilimeza dola zipatazo milioni 44 na karibu iizamishe kampuni ya 20th Century-Fox, ambayo ilifufuliwa na The Sound of Music mwaka 1965 na kisha, kwa kuamini kwamba dawa ileile itaponya tena, ikaporomoka kwa Doctor Dolittle na Hello, Dolly!. Walaji wa mabaki wakafika. Paramount ilinunuliwa mwaka 1966 na Gulf+Western, kampuni iliyoanzia kwenye vipuri vya magari; United Artists ikachukuliwa mwaka 1967 na Transamerica, watu wa bima; Warner ikaangukia mwaka 1969 mikononi mwa Kinney, iliyojulikana kwa maegesho ya magari na huduma za mazishi. MGM ilipiga mnada mali zake mwaka 1970, na viatu vyekundu vya Judy Garland vikauzwa kwa dola 15,000. Ukitaka kuona ngome iliyovunjwa na waasi, usiitafute hapa; hapa kuna msiba, na ndugu wanagawana vyombo.

Katika hali hiyo kanuni za Breen zilikuwa mzigo usio na faida, kwa kuwa zilizuia kitu pekee ambacho televisheni haikuweza kukiuza. Tangu 1952 mahakama ilikuwa imekubali kwamba filamu inalindwa na uhuru wa maoni. Jack Valenti, aliyeshika uongozi wa chama cha kampuni za filamu mwaka 1966, aliziondoa kanuni na kuweka madaraja ya umri kuanzia Novemba 1968. Ndani ya miezi michache Midnight Cowboy ya John Schlesinger ilitolewa kwa alama ya X, ya filamu za watu wazima tu, na ikashinda tuzo ya Oscar ya filamu bora ya mwaka 1969. Haijawahi kutokea tena kwa filamu yenye alama hiyo.

Uhuru wa kuonyesha miili na damu ndio uliopigiwa kelele nyingi zaidi wakati huo, nao ndio ninaouona kuwa mdogo kuliko wote. Jambo zito lilikuwa uhuru wa kumaliza filamu bila kumalizia hoja. Tazama The Graduate ya Mike Nichols, iliyotoka Desemba 1967. Kijana Benjamin anamnyakua bibi harusi kanisani, wanakimbia, wanapanda basi, wanakaa kiti cha nyuma wakicheka. Mwongozaji wa zamani angekata hapo, muziki ungepanda, na watazamaji wangetoka wakitabasamu. Nichols aliiacha kamera iendelee. Vicheko vinakauka usoni, kila mmoja anatazama mbele, na polepole inaonekana kwamba hawana la kuambiana. Filamu nzima imegeuka ndani ya sekunde chache hizo. Ujana tuliokuwa tukiushangilia unaanza kufanana na uzee tulioukimbia, na hakuna aliyetuambia hivyo kwa maneno. Nimewahi kuitazama filamu hiyo pamoja na vijana waliokasirika kabisa, wakidai imekatika kabla ya mwisho. Walikuwa wameona sawasawa. Walichokosa ni kukubali kwamba ilikusudiwa.

Hali hiyo ya mwisho ulioachwa wazi iliingia kutoka nje. Waandishi wa Bonnie and Clyde, David Newman na Robert Benton, walikuwa wamelewa sinema mpya ya Ufaransa kiasi cha kumpelekea muswada François Truffaut, kisha Jean-Luc Godard, kabla mwigizaji Warren Beatty hajaununua na kumpa Penn. Wapigapicha wawili waliobadilisha sura ya filamu za miaka hiyo, László Kovács na Vilmos Zsigmond, walikuwa wakimbizi wa Hungaria. Mwaka 1956 walipiga picha vifaru vya Kisovieti vikiingia Budapest na kuvusha mikanda hiyo mpakani. Watu waliojifunza kazi kwa namna hiyo hawawezi kuogopa mwanga wa jua ukiingia kwenye lenzi. Katika Easy Rider ya mwaka 1969 Kovács aliruhusu jua lipige kioo na kuchora duara za rangi juu ya picha, kosa ambalo studio ya zamani ingelitupa kapuni. Zsigmond naye, katika McCabe & Mrs. Miller ya Robert Altman ya mwaka 1971, aliuangazia mkanda kidogo kabla ya kuusafisha, ili rangi zififie na mji wa wachimba madini uonekane kama picha iliyosahauliwa sandukuni. Altman, kwa upande wake, aliwaacha waigizaji wazungumze kwa pamoja, wakikatizana kama watu wa kilabuni, na mtazamaji akalazimika kuchagua amsikilize nani.

Easy Rider ndiyo iliyowapa wenye nyumba hamu ya kupangisha vyumba zaidi. Dennis Hopper aliiongoza, Peter Fonda akaitayarisha, na fedha zilitoka kwa kampuni ndogo ya Bert Schneider na Bob Rafelson, waliokuwa wametajirika kwa kipindi cha televisheni cha bendi ya kutengenezwa, The Monkees. Gharama haikufika dola nusu milioni, na mapato yalikuwa makumi ya milioni. Kama filamu, nakiri, inanichosha kidogo. Mazungumzo yake ya moto wa kambini yamezeeka vibaya, na wanawake ndani yake ni mapambo. Lakini mwisho wake ni mkali: mashujaa wawili wa pikipiki wanapigwa risasi na watu wa ndani ya lori wasio na majina, kwa sababu ya nywele ndefu tu, na usiku wa kuamkia siku hiyo mmoja wao alikuwa amekwisha kumwambia mwenzake kwamba wameharibu. Filamu ya uasi iliyojihukumu yenyewe ikawa, kwa wahasibu, uthibitisho kwamba uasi unalipa. Kila studio ikatafuta kijana wake mwenye ndevu. Universal walimpa Hopper fedha akatengeneza The Last Movie huko Peru; ilituzwa Venice mwaka 1971, ikafa mara tu ilipofika kwa walipa tiketi, na Hopper hakuaminiwa tena kuongoza kwa miaka mingi.

Hakuna mahali ambapo masharti ya upangaji yanaonekana wazi kama katika The Godfather. Francis Ford Coppola alikuwa amefungua kampuni yake mwenyewe, American Zoetrope, San Francisco mwaka 1969, akitaka kufanya kazi mbali na Hollywood kwa fedha za Warner. Warner walipoiona THX 1138 ya rafiki yake George Lucas walishtuka, wakajitoa na kudai fedha zao. Coppola aliikubali riwaya ya Mario Puzo, ya familia ya wahalifu wa Mafia, akiwa na madeni shingoni, na Paramount walimchukua kwa kuwa alikuwa wa asili ya Italia na si ghali. Walitaka hadithi iletwe katika miaka ya 1970 ili kuokoa gharama za magari na mavazi ya zamani, akakataa. Hawakumtaka mwigizaji Marlon Brando. Hawakumtaka Al Pacino. Mpigapicha Gordon Willis aliweka taa juu ya vichwa vya waigizaji hata macho ya Don Corleone, mkuu wa familia hiyo, yakazama gizani, na wakubwa walipoona mikanda ya kwanza walilalamika kwamba hawaoni kitu.

Wangeona, kama wangetazama. Giza lile ndilo maana ya filamu. Inaanza na mwombaji anayekiri imani yake kwa Marekani, uso wake ukitokea kwenye weusi mtupu, akija kuomba haki ambayo mahakama ilimnyima. Na kwa muda mrefu kamera inarudi nyuma polepole, mpaka tunagundua kwamba tumekaa upande wa yule anayeombwa. Inakwisha kwa Michael Corleone, mtoto wa Don, kumdanganya mkewe Kay usoni, kisha wanaume wanaingia kumbusu mkono, na mlango unafungwa mbele ya macho ya mwanamke huyo. Stelingi huyu hakufa. Amebaki hai, ana mali, anaheshimiwa, na sisi tuliomshangilia tangu hospitalini alipomwokoa baba yake tumefungiwa nje pamoja na Kay. Mwaka 1972 watazamaji walipanga foleni mitaani kuitazama hali hiyo, ikashinda Oscar ya filamu bora, na kwa muda mfupi ilionekana kwamba ukali wa fikra na fedha nyingi vinaweza kulala nyumba moja. Miaka miwili baadaye Paramount hiyohiyo ilitoa Chinatown, ambayo mwandishi wake Robert Towne alitaka mwovu afe na mwongozaji Roman Polanski akang'ang'ania kwamba mwovu ashinde. Kisanaa Polanski alikuwa na haki. Ni vigumu kuiandika sentensi hiyo bila kukumbuka kwamba mwaka 1977 mtu huyohuyo alikiri mahakamani kufanya ngono na mtoto wa miaka 13, na mwaka uliofuata akakimbia nchi. Ibada ya mwongozaji kama mfalme asiyehojiwa ilikuwa na upande huo pia, na mashabiki wa kipindi hiki hupenda kuuruka.

Funguo, basi, zilitolewa kwa wanaume, na karibu wote walikuwa weupe. Mwaka 1970, katika mji wa makaa ya mawe Pennsylvania, Barbara Loden alitengeneza Wanda akiwa na watu watatu tu wa kumsaidia, kwa mkanda wa milimita 16. Aliandika, akaongoza, akaigiza. Wanda ni mwanamke aliyeacha mume na watoto bila hasira wala mpango, akajikuta akimfuata mwizi mnyonge anayemfokea. Hakuna uzuri wa mavazi, wala gari linalokwenda kasi huku banjo ikilia. Ni kama Loden aliitazama Bonnie and Clyde akauliza: mwanamke huyo angekuwa nani kama asingekuwa mzuri, na kama hakuna aliyeandika shairi juu yake? Filamu ilipata tuzo ya wahakiki Venice, ikaonyeshwa katika ukumbi mmoja New York, ikapotea. Loden alifariki mwaka 1980 akiwa na miaka 48, bila kuongoza filamu ndefu nyingine. Elaine May alikuwa na bahati kidogo zaidi, kwani studio zilimpa kazi. Lakini baada ya kugombana na Paramount kuhusu Mikey and Nicky, iliyotolewa 1976, alisubiri hadi 1987 kuongoza tena. Linganisha na Steven Spielberg, aliyeangusha filamu ya gharama kubwa mwaka 1979 na miaka miwili baadaye akawa kileleni. Wanaume walikuwa na ruhusa ya kukosea.

Kwa Wamarekani weusi hesabu ilikuwa nyingine tena. Melvin Van Peebles hakusubiri chumba. Mwaka 1971 alitengeneza Sweet Sweetback's Baadasssss Song kwa akiba yake na mkopo wa dola 50,000 kutoka kwa Bill Cosby, akaifungua katika kumbi mbili tu, Detroit na Atlanta, na alipopewa alama ya X akaigeuza tangazo, akiandika kwamba imepewa alama hiyo na baraza la wazee wa mahakama weupe watupu. Ndani yake mtu mweusi anawapiga polisi, anakimbia, na mwisho wa filamu yuko hai ng'ambo ya mpaka. Hapa stelingi kutokufa ndiko kulikuwa uasi. Wenye nyumba walielewa haraka: Shaft ya Gordon Parks iliiletea MGM fedha mwaka uleule, na kwa miaka michache soko likajaa picha za bunduki na makoti ya ngozi, mpaka studio zilipogundua kwamba mtazamaji mweusi angekuja hata kwenye filamu zisizomhusu.

Waasi wenyewe hasa, ambao hakuna aliyewapangisha, walikuwa wanafunzi. Baada ya machafuko ya Watts, mtaa wa Los Angeles, ya Agosti 1965, ambayo yaliua watu 34, chuo kikuu cha UCLA kilifungua milango kidogo, na kundi la vijana weusi likaingia katika idara ya filamu wakiwa na nia ya kutofanana na Hollywood kwa lolote. Miongoni mwao alikuwa Haile Gerima, mzaliwa wa Gondar, Ethiopia. Filamu yake Bush Mama inaanza na picha za kweli za polisi wa Los Angeles waliowasimamisha na kuwapekua watengenezaji wake; hakuzitunga, zilimjia. Alirudi pia Ethiopia, utawala wa Haile Selassie ukiwa unaanguka, akapiga kwa Kiamhara Mavuno ya Miaka 3,000, iliyotoka 1976, ambamo mkulima, ng'ombe na mwenye shamba wanakwenda kwa mwendo wa jua na si wa mkasi wa mhariri. Ni mojawapo ya filamu ambazo sisi wa Afrika Mashariki tungepaswa kuzijua kabla ya Easy Rider.

Mwenzake, Charles Burnett, aliyekulia Watts, alipiga Killer of Sheep mwishoni mwa wiki baada ya wiki, kwa majirani na marafiki, kwa gharama isiyofika dola 10,000, na kuiwasilisha kama kazi ya kuhitimu mwaka 1977. Stan anafanya kazi machinjioni na hapati usingizi. Hana bunduki, hakimbizwi na mtu. Kuna sehemu ambamo yeye na rafiki yake wananunua injini ya gari iliyotumika, wanaiteremsha ngazi hatua kwa hatua, wanaipandisha kwenye pikapu, na kwa kuchoka au kwa uvivu hawaisukumi ndani vya kutosha. Gari linaondoka, injini inaanguka barabarani na kupasuka. Wanaitazama, wanaondoka. Mshahara umekwenda. Sijaona katika filamu zote za mamilioni za kipindi hiki tukio linalosema juu ya umaskini jambo kubwa kuliko injini ile.

Kufikia hapo, ndani ya ngome, kodi bora ilikuwa imepatikana. Tarehe 20 Juni 1975 Universal waliifungua Jaws, filamu ya Spielberg kuhusu papa mla watu, katika kumbi zaidi ya 400 kwa siku moja, baada ya kumwaga matangazo kwenye televisheni nchi nzima. Kabla ya hapo filamu nzito ilianza katika kumbi chache za miji mikubwa, ikasambaa kwa maneno ya waliokwisha kuiona, kwa miezi. Spielberg alikuwa mtoto wa kizazi hichohicho, na filamu yake ni nzuri. Sina ugomvi na papa. Ugomvi wangu ni na utaratibu. Filamu inayofunguliwa kila mahali siku moja inapaswa kueleweka ndani ya tangazo la sekunde 30, na inapaswa kurudisha fedha kabla watu hawajapata nafasi ya kubishana juu yake. Sasa rudi kwa Bonnie and Clyde: iliyopondwa Agosti, ikatetewa Oktoba, ikafufuliwa mwaka mpya. Chini ya utaratibu wa Jaws ingekuwa imezikwa Septemba, na Morgenstern angeomba radhi kwa marehemu.

Kwa hiyo siikubali simulizi ya kawaida inayomtwika mwongozaji Michael Cimino lawama zote za kuisha kwa kipindi hiki. Ni kweli kwamba filamu yake Heaven's Gate ya mwaka 1980 ilivuka bajeti yake mara kadhaa hadi dola zipatazo milioni 44, kwamba ilirudisha chini ya sehemu ya kumi ya fedha hizo, na kwamba Transamerica waliiuza United Artists kwa MGM mwaka uliofuata. Cimino alikuwa na kiburi, na kiburi hicho kiligharimu kazi za watu. Lakini Cleopatra nayo iligharimu kiasi hichohicho miaka 17 kabla, na hakuna aliyesema kwamba imethibitisha ubaya wa watayarishaji. Mwenye nyumba aliyekwisha kupata mpangaji tajiri hakosi sababu ya kumtoa wa zamani. Mtu aliyeelewa mapema alikuwa Lucas, ambaye alikubali malipo madogo kwa Star Wars ya mwaka 1977 ili abaki na haki za mwendelezo na za vikaragosi, akainunua nyumba. Coppola naye alijaribu kununua yake, studio nzima Hollywood, na mwaka 1982 One from the Heart ikamfilisi.

Killer of Sheep haikuwa na mahali katika mabishano hayo, kwa kuwa haikuwa sokoni. Burnett alikuwa ameiwekea nyimbo alizozipenda, za Dinah Washington, Paul Robeson na wengine, bila kulipia haki, kama mwanafunzi yeyote ambaye hatarajii kuonyeshwa nje ya chuo. Kwa hiyo haikuweza kuuzwa. Mwaka 1990 Maktaba ya Bunge la Marekani iliiweka katika orodha ya filamu za kuhifadhiwa kama urithi wa taifa, pamoja na The Godfather, na bado karibu hakuna Mmarekani aliyekuwa na njia ya kununua tiketi ya kuiona. Kampuni ndogo ya Milestone ndiyo iliyokusanya fedha za kulipia muziki, dola zipatazo 150,000, zaidi ya mara 15 ya gharama ya filamu yenyewe, ikaifungua katika kumbi mwaka 2007. Hata hivyo wimbo mmoja haukupatikana, Unforgettable wa Dinah Washington, ambao Burnett alikuwa ameuweka mwisho kabisa. Waliotazama filamu hiyo mwaka huo walimwona Stan akiwaswaga kondoo kwenda kuchinjwa huku This Bitter Earth, wimbo ambao yeye na mkewe walikuwa wameucheza sebuleni, ukipigwa mara ya pili.